Mambo ya Kuzingatia Kabla Kijana Aliyesomea Nyumbani Hajaomba Chuo

Mzazi wa Tanzania anayemsomesha kijana wake nyumbani, iwe kwa sababu ya maradhi, uhamisho wa kikazi au imani ya dini, ana uhuru mkubwa wa kuchagua vitabu na ratiba, lakini uhuru huo unaishia kwenye mlango wa chuo. Ofisi ya udahili inataka cheti cha mtihani unaotambuliwa na namba ya mtahiniwa. Ripoti aliyoiandika mama mtu, hata iwe ya kweli kiasi gani, haina mahali pa kuwekwa kwenye mfumo wa maombi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, tena kijana akiwa bado na miaka 13 au 14, ni mtihani atakaoufanya. (Mtoto wa umri wa shule ya msingi ni suala jingine, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka aandikishwe shuleni.)

Anayechagua mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA, bila kupitia sekondari ya kawaida, huanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, na akifaulu ndipo hujisajili kufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufanyika kupitia kituo cha mtihani mwanzoni mwa mwaka, ilhali mtihani wenyewe ni Novemba, hivyo mzazi anayeanza kuulizia mwezi wa nane ameshaukosa mwaka huo. Namba ya mtahiniwa wa kujitegemea huanza na herufi P badala ya S ya watahiniwa wa shule, na wapo wazazi wanaoiogopa hiyo P kana kwamba ni doa. Kinachoangaliwa chuoni ni ufaulu.

Wengine huchagua mitihani ya Cambridge ya Uingereza, ambayo nayo haimsajili mtu mmoja mmoja moja kwa moja, bali kupitia shule au kituo kilichoidhinishwa na kilicho tayari kumpokea mtahiniwa wa nje. Hapa suala la maabara lisipuuzwe. Katika IGCSE, yaani ngazi inayolingana na Kidato cha Nne, mtahiniwa wa Fizikia, Kemia au Baiolojia anaweza kufanya karatasi ya maandishi inayochukua nafasi ya vitendo, lakini katika A-Level, inayolingana na Kidato cha Sita, karatasi ya vitendo ni ya lazima, na ni lazima aingie maabara, ashike bureti na asome vipimo mwenyewe. Kijana anayetaka udaktari, ambaye vyuo vitamdai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, hawezi kuandaliwa mezani jikoni peke yake. Atafutiwe shule itakayomruhusu kutumia maabara yake kwa malipo, na makubaliano hayo yawe ya maandishi.

Cheti cha nje lazima kipate ulinganifu kutoka NECTA, yaani uthibitisho wa kinalingana na ufaulu gani wa hapa nchini, kwa ngazi ya Kidato cha Nne na ya Kidato cha Sita, kabla ya kutumika kuombea chuo nchini. Kalenda ndiyo inayowaumiza wengi: dirisha la kwanza la udahili kwa kawaida hufunguliwa Julai, baada ya matokeo ya Kidato cha Sita, ilhali matokeo ya Cambridge ya mitihani ya Mei na Juni hutoka Agosti. Kwa maoni yangu, anayelenga chuo cha hapa nchini afanye A-Level katika msimu wa Oktoba na Novemba, matokeo yatoke Januari, naye abaki na miezi kadhaa ya kushughulikia ulinganifu bila kukimbizana na dirisha.

Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa mwombaji wa Kidato cha Sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya alama 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1, ingawa programu nyingi hudai zaidi. Njia ya stashahada nayo ni nzuri kuliko sifa inayopewa: kijana mwenye ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne huingia astashahada, akaendelea na stashahada, na akihitimu kwa wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada. Zingatia tu kwamba masomo hayo manne hayahesabu ya dini, jambo linalogusa moja kwa moja familia zilizojenga mtaala wao juu ya maandiko.

Marekani hali ni tofauti, kwa kuwa vyuo vingi huko hupokea orodha ya masomo na alama iliyoandaliwa na mzazi, ikiambatana na maelezo ya kozi na pengine matokeo ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya huko. Anayefikiria huko aweke kumbukumbu tangu Kidato cha Kwanza: jina la kozi, kitabu kilichotumika, muda na kazi zilizosahihishwa.

Mwisho ni majina. Cheti cha kuzaliwa, usajili wa mtihani na pasipoti vibebe majina yaleyale, kwa tahajia ileile. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko, na uhakiki huo unaweza kufanywa kabla matokeo hayajatoka.