Go au PHP? Pima kwanza ndo uanze kuandika upya

Juzi tumekaa barazani hapa Lamu, jamaa akaapa ati saiti yake ya kubuki mashua iko sloo sababu ya PHP, lugha ya programu aliyoiandikia, anataka aiandike yote upya na Go, lugha nyingine. Nikamwambia ngoja kaka, tupime.

Iko hivi. Andika ukurasa mmoja, uleule, kwa lugha zote mbili, usome databezi ileile kwenye mashine ileile. PHP washa OPcache (inaweka kodi iliyokwisha kutafsiriwa) na utumie FPM (ndiyo huendesha PHP kwenye seva za kweli), ukipima ile seva yake ndogo ya majaribio utaionea bure. Go ikompaili kabla, yaani igeuze iwe programu tayari. Halafu zipige moja moja kwa wrk, kifaa cha kutuma rikwesti nyingi kwa pamoja:

wrk -t2 -c50 -d30s --latency http://localhost:8080/mashua

Raundi ya kwanza tupa, ni ya kupasha moto tu, kisha piga tatu nne uangalie rikwesti kwa sekunde na hasa ule mstari wa 99% (muda ambao rikwesti 99 kati ya 100 hazikuuzidi), maana wastani hudanganya sana. Na usipime kwa bando la simu jamani, hapo unapima mnara.

Sasa utamu uko hapa: toa databezi, Go itaikimbiza PHP vibaya, rudisha databezi uone pengo linavyopungua, kwani zote mbili zinakaa zikingoja MySQL, ndiyo databezi yenyewe. Ya jamaa ilikuwa kweri moja tu, yaani swali kwa databezi, inasoma jedwali zima kila mtu akitafuta tarehe, tukaweka indeksi, kama faharasa ya kitabu, ili tarehe ipatikane haraka:

CREATE INDEX idx_tarehe ON safari (tarehe);

Ukurasa ukafunguka chai haijapoa. Go hata hatukuigusa.