Kuzungusha nukta kwenye chanzo, kuanzia daftarini hadi kiwanjani Ihumwa

Wanafunzi wengi wa Kidato cha Nne hukariri kwamba ukizungusha nukta kwa nyuzi 90 unabadilisha namba mbili nafasi kisha unageuza alama moja. Ipi? Hapo ndipo maksi zinapopotea. Bora uache kukariri, usome nukta kama safari.

Nukta (5, 2) ni hatua tano kwenda mashariki na mbili kwenda kaskazini, ukianzia kwenye chanzo, (0, 0). Zungusha nyuzi 90 kinyume cha mwendo wa saa: mashariki inakuwa kaskazini, na kaskazini inakuwa magharibi. Zile hatua tano sasa zinapanda kaskazini, zile mbili zinaelekea magharibi. Umefika (−2, 5). Kwa hiyo (x, y) huwa (−y, x). Ukifuata mwendo wa saa, mashariki inakuwa kusini na kaskazini inakuwa mashariki, unapata (2, −5), yaani (y, −x). Nyuzi 180 ni (−5, −2) kwa mwelekeo wowote. Nyuzi 270 kinyume cha saa ni 90 kufuata saa, basi. Haihitaji kanuni yake.

Swali lisipotaja mwelekeo, pembe chanya huzunguka kinyume cha saa. Wapima ardhi wao huhesabu kuanzia kaskazini kwa kufuata saa. Ukiambiwa ongeza nyuzi 30 kwenye dira yao, kwenye kanuni za hapa weka −30.

Kwa pembe isiyo ya 90 (θ ni pembe unayozungusha):

x mpya = x kos θ − y sin θ
y mpya = x sin θ + y kos θ

Zungusha (4, 3) kwa nyuzi 30. x mpya ni 4 × 0.866 − 3 × 0.5 = 1.964, y mpya ni 4 × 0.5 + 3 × 0.866 = 4.598. Hakiki kwa Pithagorasi: umbali kutoka chanzo ulikuwa 5 na lazima ubaki 5. Hakiki hiyo hainasi kosa la mwelekeo, kwa hiyo chora pia, hata kwa mkono. Kikokotoo kikikupa sin 30 = −0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe. Kirudishe kwenye digrii kabla ya kuendelea. Kosa jingine ni kupata x mpya kisha kuitumia kutafuta y mpya. Namba zote mbili za kuanzia hutumika hadi mwisho.

Sasa tutoke nje. Una kiwanja Ihumwa, Dodoma, mita 20 kwa 25, na bikoni (alama ya mpaka ya wapima ardhi) ya kona ya kusini-magharibi umeifanya (0, 0). Ramani inaweka kona za nyumba kwenye (2, 1), (10, 1), (10, 7) na (2, 7), baraza likitazama magharibi. Jua la jioni la Dodoma halina huruma, unataka baraza litazame kusini. Ukizungusha nyuzi 90 kwenye bikoni, kona zinakuwa (−1, 2), (−1, 10), (−7, 10), (−7, 2). Hesabu ni sahihi kabisa, ila nyumba iko kwa jirani.

Zungusha kwenye kitovu cha nyumba, (6, 4). Toa 6 na 4 kwenye kila kona, zungusha, kisha rudisha 6 na 4. Kona ya kwanza: (−4, −3) inakuwa (3, −4), ukirudisha ni (9, 0). Zilizobaki ni (9, 8), (3, 8) na (3, 0). Ukuta wa baraza umelala juu ya mpaka, kwa hiyo sogeza nyumba yote mita 3 kaskazini kwa kuongeza 3 kwenye kila y.

Kutoa kwanza ni lazima zaidi ukitumia jira za GPS, yaani namba za x na y za mahali. Maeneo ya Dodoma mjini, kwa UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) kanda ya 36 Kusini, x ni kama laki nane na y inapita milioni 9.3. Ukizizungusha zilivyo, nyumba inaruka maelfu ya kilomita. Toa jira za bikoni yako kwanza, ubaki na namba ndogo.

Ukishapiga mambo, yaani vigingi vya kona, pima kwa futi ya kupimia (tepu) kutoka kona hadi kona ya mkabala. Nyumba ya 8 kwa 6 lazima itoe mita 10 pande zote mbili. Ikitoa 10.05 upande mmoja na 9.95 wa pili, jira hazina tatizo. Mambo ndiyo yamehama.