Kupima na kukata saidi sili za Mazda 13B

Mwongozo huu ni wa fundi ambaye ameshaifungua 13B, ile injini ya Mazda inayozungusha rota mbili za pembetatu badala ya pistoni, iwe ya gari la RX-7 au RX-8. Rota mbili ziko mezani, na pakiti ya saidi sili mpya, vile vyuma vyembamba vya kuziba gesi vinavyokaa kwenye mifereji ya ubavu wa rota, bado haijafunguliwa. Kuna kijana Temeke ananitumia picha za fila geji (mabapa membamba ya kupimia uwazi) WhatsApp na swali ni lile lile: "Kaka, hii imetosha?" Bora niandike mara moja.

Kufungua injini sielezi. Kama umeshindwa kuitoa ile nati kubwa ya flaiwili, hii kazi nyingine isubiri kwanza.

Hatua ya 1: Safisha mifereji

Chukua kipande cha saidi sili ya zamani, kikwangue kaboni ndani ya mfereji. Upana wake ndio huo huo, hakitauumiza. Msumeno na bisibisi weka mbali.

Hatua ya 2: Pima mfereji wenyewe

Ingiza sili mpya, kisha fila kati ya ubavu wa sili na ukuta wa mfereji. Kwa sili bapa za RX-7 za milimita 0.7, ukipata kati ya 0.03 na 0.08 uko salama. Ikipita 0.10, tafuta rota nyingine, maana sili mpya ndani ya mfereji uliolika ni hela ya kutupa. Pima karibu na ncha pia, usipime katikati peke yake. RX-8 ni habari nyingine: ekzosi yake inatokea kwenye pleti za pembeni (kuta zinazoifunga rota ubavuni), na saidi sili zake zimechongwa kama kabari ili kaboni isizigandishe. Usichanganye sili za injini hizi mbili.

Hatua ya 3: Kila sili na makazi yake

Kila rota ina saidi sili 6, tatu kila upande. Jumla 12. Chora rota kwenye boksi, andika "Rota 1, upande wa gia, A, B, C", halafu "Rota 1, upande wa pili", na kuendelea. Sili iliyokatwa kwa mfereji A haiendi B, hata kwa macho zikiwa sawa. Kona sili (zile za duara kwenye kona za rota, saidi sili zinapokutana) nazo zipange hivyo hivyo, na ziwe zile zitakazofungwa kwenye injini. Ukipima kwa kona za zamani kisha ukafunga mpya, vipimo vyako vyote vimekufa.

Hatua ya 4: Kukata

Hapa ndipo siku inapoishia.

Sili mpya huja ndefu kuliko nafasi yake, makusudi. Wewe unapunguza ncha moja mpaka ubaki uwazi mdogo kati yake na kona sili. Kitabu cha Mazda kinatoa 0.05 hadi 0.15 mm, na kikomo ni 0.40. Mimi nalenga 0.05 hadi 0.08. Aliyezoea ringi za pistoni za Toyota atashangaa, kwa sababu kule robo milimita au zaidi kidogo ni jambo la kawaida. Huku robo milimita ni sili umeshaiharibu kabla haijafanya kazi.

Kwa nini usibane kabisa basi? Sili ina urefu wa sentimita 15 hivi. Ikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya rota, inarefuka karibu 0.03 mm. Ikikosa pa kwenda inaisukuma kona sili, kona inang'ang'ania tunduni, na pleti inachunwa. Hesabu hiyo hiyo ina maana nyingine kwako mezani: sili uliyotoka kuipiga tupa na kuishika vidoleni ina joto. Iache ipoe juu ya rota, ndipo upime.

Namna ya kupima: lete kona sili zote mbili, na uchomeke epeksi sili ya zamani (ile ya kwenye ncha ya rota) ili zisizunguke. Futa mafuta yote. Sili na kona ziwe zimenyanyuka kidogo juu ya uso wa rota, la sivyo bapa la fila haliingii. Zikizama, tanguliza springi chini. Sukuma saidi sili mpaka iguse kona ya mbele, ili uwazi wote uhamie upande mmoja. Bapa la 0.05 lipite kwa kukwaruza, la 0.10 ligome. Likipita bila kukwaruza hata kidogo, jaribu 0.08 kabla ya kufurahi.

Nakata ncha moja tu, ile inayobaki nyuma rota inapozunguka. Ukizikata zote mbili hujui tena ipi iliyokosea umbo. Na umbo ni nusu ya kazi: ncha inatakiwa kufuata duara la kona sili. Ukiikata mraba itagusa kwenye ukingo mmoja, fila itasoma 0.05 hapo huku upande wa pili pako wazi zaidi. Dawa yangu ni kuanza na tupa laini ya almasi, kisha kumalizia na msasa wa 400 uliozungushwa kwenye kona sili ya zamani.

Grainda sitaki kuiona kwenye kazi hii. Inakula sili kabla mkono haujajua. Shika sili kati ya vipande viwili vya mbao kwenye jiliwa, ncha ichomoze milimita mbili tu, maana ni nyembamba na inakatika. Piga tupa mara mbili, tatu, toa, acha ipoe, pima. Ukikaribia, acha tupa, tumia msasa peke yake. Ndiyo, ni sili 12, na kila moja utaipima mara nyingi. Sili zinazouzwa kwa ahadi kwamba zimeshakatwa tayari, nazo zipime zote. Ikipita 0.15 kwenye sili mpya, itupe. Ila kabla ya kuitupa ijaribu kwanza kwenye mifereji mingine ambayo hujaigusa, huenda mmoja ni mrefu kidogo.

Hatua ya 5: Ondoa makali

Tupa inaacha makali yasiyoonekana. Pitisha kidole, kisha jiwe laini. Sili iingie mferejini na kutoka kwa uzito wake.

Hatua ya 6: Kufunga

Springi kwanza, kisha sili, zishikwe na mafuta ya mgando. Silikoni na gundi usilete. Bonyeza kila sili kwa kidole: ishuke, irudi yenyewe, na ibaki juu ya uso wa rota kwa nusu milimita au zaidi.

Kompresheni pima injini ikiwa moto, kwa kipimo cha injini za rota. Geji ya kawaida inashika namba ya chumba chenye nguvu kuliko vyote vitatu vya rota na kukuficha viwili vingine. RX-8 yenye afya inatoa kPa 830 kwa mizunguko 250 kwa dakika.