Lowesha kitambaa, si kioo cha skana

Kwa sisi wa Lamu wenye skana karibu na dirisha la baharini: chomoa umeme, kisha pangusa vumbi kwa brashi laini kabla ya kitu kingine, maana chembe za mchanga ndizo zinazokwaruza kioo. Nyunyizia dawa ya vioo isiyo na amonia kwenye kitambaa cha kufutia miwani, kiwe na unyevu tu, ndipo ufute. Ukinyunyizia kioo chenyewe, maji hupenya pembezoni yakaingia chini, na doa la huko hulifikii bila kufungua mashine. Tishu achana nazo, zinaacha nyuzi. Kikauke kabisa ndipo ufunike. Ukungu usipotoka, uko upande wa ndani. Usisugue zaidi, mpelekee fundi.