Somo: Paka mwenye virusi vya lukemia (saratani ya damu), namna ya kukaa naye nyumbani

Naandika hili ili anayeniuliza tena nimwelekeze hapa. Wiki hii nimepigiwa na watu wanne, wawili wao walishashauriwa paka adungwe sindano afe. Virusi hivi havina tiba, na paka wengi ambao vimewakalia moja kwa moja hufa ndani ya miaka 3 hivi. Lakini miaka hiyo paka anakula, anacheza, anakuja kulala miguuni pako. Msimnyime.

Hatua ya 1. Apimwe damu kwa daktari wa mifugo. Piga simu kwanza uulize kama kipimo kipo, si kila kliniki inacho.

Hatua ya 2. Mtenge: chumba chake, bakuli lake, beseni lake la mchanga. Virusi viko kwenye mate. Paka huambukizana kwa kulambana, kula chombo kimoja na kung'atana, na mama huwapa wanawe akiwa mjamzito au kwa maziwa.

Hatua ya 3. RUDIA KIPIMO. Hapa ndipo nilipoharibu. Niliokota kitoto cha paka sokoni, kesho yake nikakipima, majibu hasi. Nikafurahi, nikakiachia kilale na wenzake watatu. Wiki ya saba kikaanza kukonda, fizi nyeupe kabisa. Kupima tena, chanya. Na yule mdogo kati ya wale watatu, wa miezi mitano, naye alikuwa ameshaupata. Wote wawili nimewazika chini ya mwembe wa nyumbani, na najua ni haraka yangu iliyomponza yule wa pili.

Sababu ni hii: kipimo cha haraka kinatafuta protini ya virusi ndani ya damu, na aliyeambukizwa juzi bado hana ya kutosha kuonekana. Mgeni akae peke yake, arudiwe kupimwa baada ya siku 30 au zaidi, ndipo achanganywe. Angalizo: hata chanya ya mara moja usiichukulie kama hukumu. Wapo paka ambao mwili wao huvikandamiza virusi, kwa hiyo omba kipimo cha pili cha aina nyingine, cha vinasaba kikipatikana. Asiuawe paka kwa karatasi moja.

Hatua ya 4. Ahasiwe au afungwe kizazi, na asitoke nje.

Hatua ya 5. Chakula kiive. Kinga yake ni dhaifu, nyama mbichi na maziwa yasiyochemshwa vina vimelea.

Hatua ya 6. Uzito kila mwezi, daktari kila miezi 6, homa au kidonda usisubiri.

Hatua ya 7. Wazima waliopimwa wakaonekana hasi wachanjwe, dozi mbili zikipishana wiki 3 hadi 4. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa, wala haikingi kwa asilimia mia, kwa hiyo kutenga kunaendelea.

MASWALI

Mdau: Mkuu ni ndefu sijasoma yote. Dawa ya kuponya inaitwaje?
Jibu: Haipo. Nimeiandika mwanzoni kabisa.

Mdau: Wangu ana homa, nimpe Panadol nusu?
Jibu: Hata robo usimpe! Ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo, kidonge kimoja kinaua. Daktari, leo.

Mdau: Unatisha watu. Paka wa jirani alikuwa nao na amepona bila hata sindano.
Jibu: Alipimwa mara ngapi? Kama ni mara moja, rudi hatua ya 3. Sitishi mtu, nimezika wawili.

Mdau wa Tanga: Samahani ndugu, wangu amefariki. Vyombo vyake nivichome? Na mimi nina mtoto mchanga, je yuko salama?
Jibu: Pole sana, dada. Mtoto yuko salama, virusi hivi havimpati binadamu wala mbwa. Vyombo usichome. Virusi vyenyewe vina ganda la mafuta, sabuni ya kawaida inalivunja, na pakavu havimalizi siku. Osha, anika juani. Kwa kuwa umeuliza vizuri nikuongezee: vilitambuliwa Glasgow mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake, baada ya saratani kuzuka kwa paka waliokuwa wakiishi pamoja. Ndiyo maana nasisitiza kutenga.

Mdau: Wangu hali, namwagia mchuzi wa nyama ndiyo anaonja.
Jibu: Una kitunguu? Acha kabisa. Kitunguu na thomu vinavunja chembe nyekundu za damu, na huyu damu tayari ni chache. Chemsha samaki bila chumvi, mpe akiwa vuguvugu ili harufu ipande. Akipitisha siku mbili bila kula, hospitali.

Mdau mwingine: Dagaa nao wazuri, walowekwe kwanza chumvi itoke. Viroboto je? Sisi tunaogesha kwa dawa ya ng'ombe.
Jibu: Asante kwa dagaa. Dawa ya ng'ombe hapana, nyingi zina sumu inayompa paka degedege. Ya mbwa pia usijaribu. Omba ya paka, na tumia kitana.

Mdau wa Tanga: Uzito mnapimaje? Wa kwangu aliyebaki hatulii kwenye mizani.
Jibu: Mizani ya kuning'iniza, kama ya wauza samaki. Mtie kwenye kapu lenye mfuniko, pima, kisha toa uzito wa kapu. Andika ukutani na tarehe.