Kunde badala ya kunyoosha mikono

Kwa walio kwenye vyama vya kuweka na kukopa hapa Lamu: mkiwa na mapendekezo matatu au zaidi, msiulize "nani anataka hili?" Wekeni makopo nyuma ya pazia, moja kwa kila pendekezo, yenye vifuniko vilivyotobolewa. Mpeni kila mtu kunde sawa na idadi ya makopo. Atie kunde moja katika kila pendekezo analoliridhia, hata mawili, na zilizobaki azitie kwenye kopo la ziada ili asijulikane katia ngapi.

Tuseme mko tisa: wanne wanataka friza ya samaki, watatu mashua, wawili cherehani. Kwa mikono friza inapita, ilhali watano huenda hawaitaki kabisa. Kwa kunde, wale wa cherehani wakiridhia na mashua, mashua inapata tano. Tena hakuna anayemtazama mama mkubwa kwanza ndipo anyooshe mkono. Kwangu hilo ndilo kubwa zaidi, maana heshima hunyamazisha wengi, hasa wake wadogo walioingia chamani karibuni.

Haisaidii mapendekezo yakiwa mawili tu; hapo kura ya kawaida yatosha. Wengi wakitia kopo moja tu kwa kusudi, mmerudi palepale. Na kunde hazipimi uzito wa haja: kama kuna mtu uamuzi utamuumiza, mfano anayengojea mkopo wa matibabu, asikilizwe kabla ya makopo kuwekwa. Kunde zikilingana, rudieni kwa hayo mawili pekee.