Majirani wapya wameingia mtaani kwenu? Hivi ndivyo tulivyojifunza kuishi pamoja Eastleigh

Mimi nimezaliwa Eastleigh Section Three, hapa Nairobi, wazazi wangu walitoka Machakos, na huu mtaa nimeuona ukigeuka mbele ya macho yangu, kwa hivyo mtu akiniuliza "sasa huku kwetu wageni wameanza kuja, tufanye aje" huwa namuelewa kabisa. Siku hizi swali linatoka kila upande, watu wa Kayole na Kasarani wanauliza juu ya Wakongomani, wa Kilimani wanauliza juu ya Wasudani, South C wanauliza kitu kile kile tulichokuwa tunauliza sisi miaka ya tisini. Wacha niandike ile yenye imetusaidia, na pia ile tulikosea, juu tulikosea sana.

Kabla useme "wageni", uliza kwanza mtaa ulikuwa wa nani. Eastleigh ilipimwa na serikali ya mkoloni mwaka 1921, na wenye walipewa nafasi mapema ni Wahindi na Wasomali wa ukoo wa Isaaq, wale wazee walikuwa wanawaita Ishakia, wengi walikuja na Waingereza kama askari na wafanyabiashara kupitia Aden. Yaani Msomali alikuwa Eastleigh kabla ya babu yangu kujua Nairobi iko wapi. Baba alipoingia alikuta landilodi ni Mhindi, na yeye ndiye alikuwa mgeni, Mkamba anayepika githeri kwenye koridoo na moshi unaingia kwa watu. Baadaye Wahindi wengi wakahamia Parklands na kwingineko, Wakikuyu wakanunua nyumba nyingi, halafu mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Somalia na watu wakaanza kukimbia. Kambi za wakimbizi za Dadaab, kule Garissa, zilijengwa kwa watu 90,000 tu, kufikia ukame wa 2011 walikuwa wamepita 400,000, sasa mwenye alikuwa na ndugu Nairobi au senti kidogo angekaa huko kwa mchanga akingoja nini? Alikuja Eastleigh.

Na hapo ndipo watu wengi wanachanganya, wanaweka kila Msomali kapu moja. Sensa ya 2019 ilihesabu Wasomali karibu milioni 2.8 Kenya, watu wa Garissa, Wajir na Mandera, hao ni Wakenya kama wewe. Wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana, wale wa kutoka Somalia wanawaita wale wa Kenya "Sijui", kwa sababu ukimwongelesha Kisomali kirefu anakujibu kwa Kiswahili "sijui". Kwa hivyo ukimwambia kijana wa Wajir "rudi kwenu" unamwambia arudi wapi? Ujirani usianze na kuuliza karatasi. Uliza jina, uliza watoto wako shule gani, uliza maji kwao yanafika saa ngapi. Hayo mengine yatakuja yenyewe.

Sasa nikuje kwa hasira, juu hasira iko na si vizuri kujifanya haiko. Mtaa ukibadilika kuna mtu anaumia, na sisi aliyeumia ni mama.

Mama alikuwa na duka dogo la nguo za watoto, chumba cha mbele kwa nyumba ya zamani, zile za chini zenye ua katikati. Wakati huo Garissa Lodge ilikuwa imeanza kuvuma. Kama hujui hiyo stori, ilikuwa lodging ya kawaida tu, wakimbizi walikodi vyumba vya kulala, mchana wanatandika bidhaa juu ya kitanda wanauza, usiku wanaweka mzigo chini ya kitanda wanalala, mpaka vyumba vyote vikageuka maduka na watu wakaanza kuja kununua kutoka Uganda, Congo na Tanzania. Baada ya hapo kila landilodi alijua chumba chake cha mbele ni dhahabu. Landilodi wa mama akaahidiwa gudwili, ile pesa ya kupewa nafasi ya duka, na mfanyabiashara Msomali, akaja akamwambia mama wiki mbili uwe umetoka. Kwa mdomo tu. Mama akatoka na magunia yake mawili, na kwa miaka mingi alikuwa anasema "Wasomali walinifukuza".

Mimi pia niliamini hivyo hadi nikawa mtu mzima nikaja kujua kuna sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301, na inasema ukiwa na duka bila mkataba wa maandishi, au mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, wewe ni mpangaji unayelindwa. Landilodi akitaka kukutoa au kupandisha kodi lazima akupe notisi ya maandishi ya miezi isiyopungua 2 na iwe na sababu, na wewe unaweza kuipinga kwa mahakama ya wapangaji wa biashara. Mama hakuwa na karatasi yoyote na alidhani kukosa karatasi ndiko kulimfanya awe hana haki, kumbe ni kinyume kabisa. Mwenye alimkosea alikuwa landilodi, mtu wa kwetu, anaongea lugha yetu, na mama aliendelea kumsalimia kanisani. Yule Msomali aliyelipa gudwili hata hakujua kulikuwa na mtu anatolewa. Hii kitu huwa inaniuma mpaka leo.

Kwa hivyo fanya hivi, chukua daftari uandike malalamiko yako yote, kodi imepanda, takataka, kelele usiku, gari zimezuia mlango, halafu mbele ya kila moja andika nani hasa ana uwezo wa kulimaliza. Utaona kodi ni landilodi, takataka ni kaunti na keateka, mwangalizi wa ploti, mtaro wa maji machafu ni kaunti. Sisi tulikaa miaka na matope ya Eastleigh yanafika magotini tukisema ni Wasomali wamechafua, na wao wenye maduka ndio walikuwa wanalia zaidi yetu juu mteja hawezi kupita. Kitu kitakachobaki mbele ya jina la jirani mwenyewe huwa ni kidogo sana, kelele labda, viatu kwa ngazi, na hayo unaongea naye mlangoni.

Jinsi ya kuongea naye mlangoni sasa. Usiende ukiwa umekasirika, na usiende saa ya swala. Salamu ni "asalaam aleikum", ataitikia hata kama wewe ni Mkristo, ukiongeza "is ka warran", yaani habari yako, atashtuka afurahi. Mwanamke mkubwa muite "eedo", ni shangazi, mwanamume wa rika lako "walaal", yaani ndugu. Usimuite mtu "warya". Najua wengi tunatumia hilo neno tukidhani ni jina la kabila, lakini ni kama mtu akuite "wee!" barabarani kila siku ya maisha yako. Na kwa upande wa pili, ndugu zetu Wasomali, lile neno la "nywele ngumu" mnalotuita mkidhani hatusikii, tunalisikia, na linakata vile vile. Watoto wanaokota maneno haya nyumbani. Ukiacha kuyasema wewe, kwa mtoto hayafiki.

Jirani yetu wa mlango wa pili tulimuita Eedo tu, alikuja na watoto 5 na sufuria mbili. Asubuhi ulikuwa unasikia anjero, ile chapati yao laini ya maji, ikimwagwa kwa kikaango, ile sauti ya shhh, na jioni udi unapita chini ya mlango unaingia kwetu, mama analalamika kichwa kinauma. Wiki ya tatu hivi Eedo akabisha na sahani imefunikwa na sahani nyingine, anjero tano, sukari juu na mafuta ya simsim. Hakuwa na Kiswahili, alisema "kula, kula" akaondoka. Mama alikaa na hiyo sahani siku mbili hajui afanye nini, maana kwetu sahani hairudi tupu. Mwisho akapika muthokoi, akapeleka. Eedo akala pale pale amesimama, akaokota punje moja akaigeuza kwa vidole akaiangalia, akauliza mtoto wake atafsiri, mbona mahindi hayana ngozi? Mama akamuonyesha na mikono vile yanatwangwa. Kutoka hapo wakawa wanaongea, lugha gani sijui, lakini wanaongea, hadi mama akaja kujua kuwa kile kikundi cha akina mama wanaokusanya pesa kwa Eedo kila mwezi, tulichokuwa tunakishuku, kinaitwa ayuuto na ni chama tu kama cha kwao mama, mnachanga, leo anapewa huyu, mwezi ujao yule.

Hiyo inanileta kwa pesa. Kulikuwa na uvumi kwamba majumba yote ya Eastleigh ni pesa za maharamia wa baharini. Mimi sikatai kuna pesa chafu mahali popote biashara ipo, lakini ukitaka kujua pesa ya mtaa inatoka wapi, simama barabarani uangalie inavyozunguka. Alfajiri maziwa ya ngamia yanafika kwa mitungi ya manjano kutoka Isiolo, akina mama wanagawana. Mchana miraa inafika kutoka Meru, mkulima wa Maua anakula kwa sababu Eastleigh inatafuna. Mwenye mkokoteni ni Mkamba, fundi wa kushona ni Mluo, mwenye duka ameunganisha pesa za ndugu na jamaa walio Minneapolis na London zimekuja kwa hawala, ule mtindo wa kutumiana pesa kwa kuaminiana bila benki. Hata mama alirudi kwa biashara akiuza soksi na vitambaa mbele ya mall moja, na mwenye duka nyuma yake alikuwa anamwekea mzigo usiku bila kumlipisha. Kama kwenu wageni wameanza kufungua biashara, nenda ununue kitu kidogo, ulizia wanatafuta mfanyakazi au msambazaji. Mwenye anauza na kununua na jirani hamchukii kwa urahisi.

Halafu kuna siku mbaya, na hii lazima mjipange mapema.

Novemba 18, 2012, ilikuwa Jumapili, bomu lililipuka kwa matatu hapa Eastleigh na watu wakafa. Kesho yake vijana walitoka na mawe wakaanza kuvunja maduka na nyumba za Wasomali, kana kwamba Msomali hakuwa anapanda matatu. Ploti yetu haikuguswa, na sababu ni ndogo sana, mama na wazee wengine wawili walikaa kwa ngazi za chini na viti vyao tangu asubuhi, wale vijana walikuwa wanawajua kwa majina na kwa majina ya mama zao. Huwezi kufanya hivyo kama jirani hujawahi kumjua. Aprili 2014 ikaja ile operesheni ya polisi ya Usalama Watch, maelfu walibebwa, wengine wakawekwa kwa uwanja wa Kasarani, na ndani yao kulikuwa na watu wenye vitambulisho halali vya Kenya.

Kwa hivyo jipangeni hivi. Kwa kila ploti wekeni grupu ya simu yenye wote wamo, si lugha moja pekee. Ujumbe wa kutisha ukiingia, ule wa "wameonekana watu fulani", usiusambaze mpaka mtu ambaye mnamjua awe ameona kwa macho yake. Mkiwa na Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, wawakilishi wasiwe wa kabila moja, juu siku ya shida chifu atauliza "huyu mnamjua?" na mwenye atajibu ni huyo. Jirani akishikwa, Katiba ya 2010 inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, nendeni kituoni mkiwa wawili au watatu, mbebe nakala ya kitambulisho chake au kadi yake ya mkimbizi, mseme kwa upole kwamba mnaishi naye na mnataka jina lake liandikwe kwa kitabu.

Na wewe mgeni unayesoma hii, kuna yako pia. Jifunze Kiswahili mapema, usingoje watoto wakutafsirie miaka kumi. Usijifungie na watu wenu tu kwa ploti. Ukifungua duka ajiri hata mmoja wa mtaani. Ramadhani mkikesha waambieni majirani wiki moja kabla, mtu akijua havumilii kwa shida, na wakati wa futari mtoto wa jirani apewe sambusa.

Watu huniuliza waanze na nini kama hawajawahi kuongea hata mara moja. Anza na chakula, lakini kama jirani ni Muislamu usipeleke nyama ambayo hujui imechinjwa na nani, na usikaange na mafuta ya nguruwe. Peleka muthokoi, mukimo, chapati, ndizi, chochote cha kwenu kisicho na nyama. Kifunike na sahani ya juu. Bisha jioni kabla ya magharibi, sema jina lako na nyumba unayokaa, usikae sana. Sahani watarudisha wenyewe.